Kumuaga Mwanafunzi wa Jumamosi

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa ameegemea dirisha la treni, usingizi ukimchukua na kumrudisha, mashamba yakipita nje kama yanaelea, aliposikia watu wawili wakizungumza kiti cha nyuma.

"Nakwenda kumuaga tu," msichana wa chuo alimwambia fundi mwashi aliyeketi naye. "Kila Jumamosi namfundisha binti mmoja hesabu. Ana miaka kumi na miwili, mama yake anafulia watu nguo, naye anataka kuwa mhandisi wa madaraja. Sasa mimi mwenyewe hesabu za chuo nimefeli mara mbili, baba. Chuo kikinifukuza, nitamtazama usoni vipi?"

"Kwani alikuomba cheti?"

"Hapana. Aliniuliza maktaba yetu ina madirisha mangapi."

"Ukamjibu?"

"Nilirudi nikayahesabu. Arobaini na moja."

Fundi akacheka taratibu. "Jengo lile nimelijenga mimi na wenzangu, na idadi hiyo sikuijua. Mwambie umefeli, halafu fungueni daftari mjifunze pamoja."

"Ataona nilimdanganya."

"Ataona umeanguka na bado umekuja."

"Hujui watoto wanavyoumia, baba."

"Ninao sita, mwanangu."

Muuguzi akabana kicheko. Kichwani mwake, kati ya ndoto na kuwa macho, daraja refu lilikuwa linajijenga lenyewe juu ya ukungu.

Treni ikasimama. Msichana akainuka, akatupia mkoba begani. Muuguzi akachungulia: pale kituoni binti mwembamba mwenye daftari kwapani alikuwa anafuta benchi kwa mkono wa sweta, upande mmoja, kisha wa pili, wapate kukaa wawili.