Hewa ya Mwantum

Pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mbele ya gereji za mafundi, kuna kiti cha nyuma cha Toyota. Gari lenyewe lilishakufa zamani, Mungu alirehemu, lakini kiti kingali hai na kila siku kinabeba wanaume watatu wazima bila kulalamika. Hicho ndicho kijiwe. Mohamadi huweka birika lake la kahawa hapo tangu asubuhi, maana anawajua wateja wake: wakianza kubishana hawanyanyuki. Kuna Dubai, ambaye huko Dubai alikaa wiki moja tu, na mpaka leo hajatuacha tupumue. Kuna Sima, yaani saruji, jina lake hasa Pontien, fundi mwashi. Na kuna Tajudini, fundi wa breki, ambaye wote humwita Freni, yaani breki, na si kwa ajili ya kazi yake tu: jambo lolote likianza kwenda, yeye hulisimamisha.

Siku hiyo Freni alikuja amevimba, anatafuta wa kumuunga mkono. Mdogo wake, Mwantum, hataki nyumba ya marehemu baba yao iuzwe wagawane pesa. Anataka ibomolewe, ijengwe etaje, yaani ghorofa, ya kukaa familia nyingi, wapangishe, kodi ndiyo igawanywe. Idi, kitinda mimba wao, ameshakubali. Wenye kutia pesa wameshapatikana. Imebaki saini moja tu, ya Freni, na saa hiyo hiyo wote walikuwa wamekaa kwa noteri, yule wa kuthibitisha mikataba, wanamngoja yeye.

— Mwantum anauza hewa! Freni akaanza hata kabla hajakaa. Nyumba ya baba ni ya chini, mnaijua. Yeye anachukua pesa ya watu kwa vyumba vya juu. Huko juu kuna nini? Kunguru!

Sima akaweka kikombe chini.

— Ngoja kidogo. Hiyo hewa, watu wamenunua?

— Wamenunua! Yule mama wa vitenge pale mtaa wa Asiatique, amenunua. Mkubwa mmoja wa ofisi kule Kigobe, amenunua. Hata wanawake wenzake wa kikundi cha kuchangishana wameingia, sha!

— Wallahi! Dubai akajipiga paja. Mi nilirudi na saa za mkono sanduku zima, nikashindwa kuziuza, na saa zenyewe zilionekana kwa macho! Huyu mutoto anauza kitu ambacho hakipo. Mpeni heshima yake!

Freni alikuja kutafuta pole, anapewa sifa za dada yake.

— Na si deni la benki? Sima akauliza.

— Apana. Riba haitaki kabisa, alienda kwa shehe kwanza. Ni ushirika. Kodi ikiingia, kila mutu anapata kwa kadiri ya alichotia. Chumba kikikaa kitupu, mnanuna wote.

Freni aliyasema kwa dharau, lakini mwenyewe alishtuka kuona ameyahifadhi maneno ya Mwantum kama Alhamdu.

— Sasa walimwaminije? Dubai akauliza.

— Choo, Sima akajibu.

— Choo?

— Choo. Mi ndiye nilimjengea vile vyumba viwili vya uani, pale kwa marehemu baba yao. Alianza na hivyo tu, akaweka wapangaji, akajifunza kazi. Sasa mwenye pesa akija, Mwantum hampi maneno mengi. Anampeleka uani, anafungua mlango wa choo cha wapangaji, anamwambia: nusa. Mutu akikuta choo cha watu wengi kinanukia sabuni, anajua pesa yake itatunzwa.

— Bandu bandu huisha gogo! Dubai akashangilia.

— We! Sima akamkatiza. Hiyo ni ya kumaliza, si ya kujenga.

— Gogo lisipoisha, mbao utazitoa wapi? Nyamaza.

Mohamadi akamimina tena, na Mwantum akaanza kukua midomoni mwao. Dubai akasema akimaliza etaje ya kwanza ataweka ya pili, na ya tatu, mpaka ndege zinazoshuka zipige simu kwake kuomba njia, na njia hiyo zilipie. Sima akakataa katakata.

— Ndege ni mambo madogo. Utajiri uko kwenye kivuli! Jua hili la Buja unalijua. Etaje ikisimama, wauza nyanya wa barabara nzima watakaa kwenye kivuli chake. Juu anauza hewa, chini anapangisha kivuli.

— Na asubuhi kivuli kinaelekea ziwani, Dubai akadakia. Mikeke, samaki wote wa ziwa, watakuja kupoa humo. Mwantum atawatoza kodi! Wakikosa kulipa, kikaangoni!

Freni akacheka bila kutaka, kisha akakasirika kwamba amecheka.

— Mwenzetu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Sima akamwambia kwa upole.

— Mkuu ni mimi! Yule nimembeba mgongoni!

— Bo, basi guu la nani litavunjika?

Simu ikalia mfukoni mwa Freni. Akaitazama: Mwantum. Akaiacha ilie mpaka ikachoka.

— Mniambie ukweli, akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Tangu baba afe, mtaa mzima unaniita mwenye nyumba. Maji yakikatika, wapangaji wanagonga kwangu. Kwenye etaje ya watu wengi, mi nitakuwa nani?

Alikuwa anaona wivu, na wivu huo ulimuuma zaidi kwa sababu alijua dada yake ana akili na hajamdhulumu mtu.

Hapo akatokea mwanamke mwenye joho jeupe la uuguzi, viatu vyake vimejaa vumbi.

— Amahoro, wababa. Naitwa Bella. Nakaa Gihosha, kule juu vilimani, lakini kazi yangu iko kliniki ya hapa chini, na kupanda kule kila siku kumenichosha. Nimesikia sokoni kwamba hapa mtaani patajengwa etaje. Nataka nyumba ya juu kabisa, ile itakayoona ziwa. Nitangoja mpaka iishe.

Wakatazamana. Hewa imepata mpangaji!

— Mwenye nyumba ni nani? Bella akauliza.

Dubai na Sima wakamgeukia Freni. Freni akafungua mdomo aseme "mimi", kama alivyozoea, neno likamkwama. Nyumba anayoitaka huyu dada, yeye hajaitilia hata tofali moja. Akajaribu kusema "Mwantum", nalo likakataa kutoka. Simu ikaanza kulia tena.

— Wenye nyumba ni wengi, dada, Freni akasema, akasimama. Mi ni mmoja wao. Twende wote kwa noteri, wenzangu wananingoja.