Mayai Mawili ya Fundi Viatu

Muuza mayai ya kuchemsha alikuwa amejitanda ushungi na kufumba macho ndani ya treni ya asubuhi, ila masikio hayakulala. Benchi la mbele, binti mwenye karatasi za chuo alikuwa akimhoji fundi viatu, mteja wa kila siku wa muuza mayai, ambaye hakuwa amemwona mama huyo.

"Mchana unakula mayai mawili, baba. Nipe alama za sababu, moja mpaka tano. Ladha?" "Moja, mwanangu. Mayai yananifunga tumbo." "Bei?" "Moja. Dukani ni rahisi zaidi." "Basi ni karibu." "Karibu wapi? Navuka soko zima."

Muuza mayai akaikumbatia ndoo yake. Miaka miwili anamwongezea chumvi bure, kumbe anamtesa mtoto wa watu.

"Hesabu yako haisimami, baba," binti alisema. "Yule mama akinimenyea yai huniuliza nimelalaje," fundi akajibu. "Tangu nifiwe na mke wangu, nani mwingine ananiuliza?" "Hayo ni mazoea. Niandike tano." "Mazoea gani, na kila siku nanyoa ndevu kwanza?" "Ndevu si chakula, baba." "Kwangu zimo kwenye hesabu."

Kumbe mjane mwenzake! Na muuza mayai, kwa jinsi kidevu kile kinavyong'aa, kichwani mwake alikuwa amekwisha kumwoza mke mkali nyumbani.

Treni ikasimama wawili wale wakiwa bado kwenye ndevu. Muuza mayai akateremkia mlango wa nyuma, akiwaza kama ndoo yake ingeweza kubeba na papai la kulainisha tumbo.