Namfamo na Nafasi ya Vidole Viwili

Kwa miaka thelathini na minane Ndugu Namfamo ameandika kila neno lililosemwa mbele ya maaskofu hapa Tamagista, na Jumatatu hii baada ya Pasaka anaweka kalamu chini. Mimi Iaderi, niliyekaa naye benchi moja miaka kumi na tisa, nimepewa kazi ya kumsemea maneno ya kumuaga kabla dengu hazijapoa.

Alitoka mashamba ya zeituni akiwa kijana wa miaka ishirini, mwenye Kipuni kingi, lugha ya nyumbani, na Kilatini cha kuombea tu. Akapelekwa Kartago kujifunza hatimkato, akarudi akiandika upesi kuliko maaskofu wanavyofikiri. Si sifa kubwa hiyo, husema mwenyewe, na Baba Askofu anisamehe, mimi nanukuu.

Mnamjua kwa ukamilifu wake. Kuna askofu mmoja wa milimani aliyehutubia kuhusu Adamu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kwa kuwa kwetu kila msemaji husomewa maneno yake kisha akatia sahihi chini yake, mzee wa watu alijikuta anatia sahihi mahali palipoandikwa, "Hapa amekohoa," mara kumi na moja. Tangu siku hiyo hotuba zake zilikuwa fupi, na jikoni walimshukuru Namfamo.

Lakini miaka yake mikubwa ilikuwa ile ya ubishi wa hiari ya mtu na neema ya Mungu. Wazee hapa wanakumbuka. Ulikwenda kununua mkate, mwuza mkate akakuuliza kama umeutaka mwenyewe au umetakishwa. Watu walinuniana kwenye bafu la mji. Ubishi huo ukaingia hata kati ya Namfamo na Miggin, msomaji wa kanisa letu, ambaye mama yake ndiye aliyewanyonyesha wote wawili.

Miggin alishikilia kwamba mtu akitaka kugeuka, anaweza. Namfamo alisema hata huko kutaka mtu hupewa. Asubuhi ambayo Miggin aliitwa mbele ya baraza, walibishana tena wakila tini mlangoni, na Miggin akamtania: "Kumbe hata huu uvivu wako umepewa? Basi kamrudishie mwenyewe." Wenzao wakacheka. Namfamo akaingia kazini amevimba.

Utaratibu wetu wa wakati ule mnaujua. Waandishi wanne walipokezana. Kibao cha nta kikijaa, mwandishi humwashiria mwenzake kwa kichwa, na aliyeashiria haandiki tena hata paa lianguke. Namfamo aliashiria. Mwenzake akawa bado anafuta nta kwenye kalamu. Hapo katikati Miggin, aliyekuwa amebishana saa nzima bila kulegea, akasema kwa sauti ya chini: "Nipeni siku tatu. Huenda nimekosea. Nataka kufikiri."

Kwenye kibao cha Namfamo ilibaki nafasi ya vidole viwili, na kalamu ilikuwa bado mkononi. Hakuandika. Mwenyekiti, aliyekuwa mzito wa kusikia, akaagiza yasomwe yaliyoandikwa. Maneno yale hayakuwamo. Miggin akamtazama Namfamo mara moja, akanyamaza, akahukumiwa kuwa mkaidi. Kesho yake alipelekwa uhamishoni ng'ambo ya milima, na hadi leo ni miaka ishirini na miwili.

Sisi vijana tulimkuta Namfamo ameweka sheria moja tuliyoilaani kimoyomoyo: anayetoka haweki kalamu chini mpaka anayeingia ameandika neno lake la kwanza. Kila tulipopokezana, maneno yakaandikwa mara mbili, na mikono yetu ikatuuma. Leo hakuna baraza nchini humu linalofanya kazi vingine. Sababu yake alinieleza mwezi uliopita tu, alipoomba kustaafu. Alisema kila Pasaka hutenga tini mbili mezani, na ya pili haili. Nilidhani ni ya maskini.

Nilimwuliza kama siku ile alitaka mwenyewe kunyamaza. Akanijibu, "Iaderi mwanangu, hilo nimeliandika upande huu na upande ule kwa miaka yote hii, na sijui. Ila nina hamu na ndugu yangu. Hilo nalijua."

Ijumaa iliyopita Baba Askofu alifungua kitabu cha baraza lile, na mbele yetu Namfamo akaandika pembeni maneno ya Miggin, akatia sahihi kwamba aliyasikia. Nakala ameibeba kifuani. Chini ya maneno hayo ameacha nafasi ya vidole viwili, maana kwetu msemaji lazima atie sahihi mwenyewe. Miggin akitia, zile siku tatu alizoomba atapewa, hapa hapa, nyumbani.

Wachunga ngamia wanasema ng'ambo ya milima yuko mzee anayekamua zeituni na kubishana na kila mnunuzi. Jina hawalijui. Ni mwendo wa siku kumi na saba, na Namfamo ameamua kuuanza.

Namfamo, hakuna aliyekutuma. Asante kwa kila neno, na hata kwa mikono iliyotuuma. Nenda salama, ukae miaka mingi ya raha, na meza hii ikusubiri. Tini tumezifunga kwenye mkoba wako, mbili mbili.