Mama Tamar Aliyekataa Kuuza Jina

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Kanyere Tamar wa Vulamba, hapa Butembo. Alitutoka juma lililopita kwa ugonjwa wa moyo. Mama Tamar alikuwa mtengenezaji wa spika, zile ambazo sisi tunaita bafle. Nasema mtengenezaji. Si muuzaji.

Atelye, yaani karakana yake, ilianzishwa na baba yake, Papa Zorobabel, seremala aliyetoka Kasugho. Sanduku la bafle lilikuwa la mbao nyekundu za mti wa libuyu. Ndani aliweka spika za kiwanda kimoja cha zamani cha Ulaya. Nyuma, kibao cha shaba chenye jina: Zorobabel. Matajiri wa kahawa waliziweka saloni, pale wanapopokea wageni. Makanisa yalizinunua, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Kuwa na Zorobabel nyumbani kulikuwa heshima.

Kisha vita vikaja. Barabara ya Kasugho ikafungwa, mbao hazikufika tena. Kile kiwanda cha Ulaya nacho kikauzwa, na walionunua wakaacha kutengeneza spika. Halafu zikaingia bafle za plastiki kutoka Dubai, za bei ya chini, zenye taa za rangi. Mwaka wa elfu mbili, wafanyakazi wa Mama Tamar walikaa kwenye benchi wakipiga soga tu.

Hapo akaja Malachie, mfanyabiashara mwenye depo ya bidhaa mjini.

"Mama, atelye yako hapana nataka. Nataka jina tu. Unipatie vile vibao vya shaba, mi nabandika ku bafle zangu za Dubai. Batu batanunua, na wewe utakula bila kutumika."

Mdogo wake Mama Tamar, Kamate Delphin, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, akafurahi. "Yaya, itika tu! Kazi imekufa. Donc tunangoja nini?"

Binti yake Mama Tamar, Elsa, anakumbuka: "Mama aliacha kula. Alifikiri jina la baba yake, mais alifikiri pia batoto ba batumikaji ba atelye. Alikuwa analia ku jikoni, anasema ni moshi."

Mwishowe alimwambia Malachie: "Leta bafle yako siku ya Mungu, ibada ikiisha. Tutaweka na yangu pembeni. Batu basikie."

Jumapili kiwanja cha kanisa kilijaa. Jenereta ikawashwa. Bafle ya Malachie ikaanza, na rumba. Ilipiga, wasikilizaji, ilipiga kweli! Mashemasi walicheza. Wamama walicheza na vitambaa mkononi. Ilipofika zamu ya Zorobabel, watu wakaacha kucheza, wakatazamana. Mmoja akapiga kelele: "Rudisha ile ya taa!"

Mama Tamar alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamshika Malachie mkono, wakacheza wote wawili mbele ya bafle ya Dubai.

Lakini Mama Kasika, mwimbaji wa korali, aliomba kaseti nyingine: korali yao, iliyorekodiwa kabla ya vita. Kwenye bafle ya Dubai zilitoka kelele tu. Kwenye Zorobabel, Mama Kasika akainuka.

"Musikie! Ni Julie! Ndio Julie wetu ule!"

Julie alikuwa dada yake, aliyefariki vitani. "Hata pumzi yake nasikia," akasema, na akaanza kuimba naye. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Kiwanja kizima kikaimba.

Wimbo ulipokwisha, Mama Tamar alimgeukia Malachie. "Bafle yako ni ya kucheza, mi naipenda. Mais jina la baba, hapana. Penye jina lile, mutu lazima asikie mutu. Na yako ikikufa, uniletee."

Zilikufa, wasikilizaji wapendwa. Zilikufa nyingi! Malachie alizileta atelye juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, zimeungua ndani. Wafanyakazi wakapata kazi tena. Kwa kuzitengeneza walijifunza kusokota waya, kukata karatasi za spika, kuunda kila kitu cha ndani. Na mbao zilipoanza tena kufika, Mama Tamar alitoa bafle ambayo Ulaya haikuigusa hata kidogo. Yote, ndani na nje, ilitengenezwa Vulamba.

Mara ya kwanza iliimba Beni, kwenye harusi, mwaka ule amani iliporudi. Bwana harusi alikuwa nani? Malachie! Aliagiza mbili. Delphin anasema: "Nilisema kazi imekufa. Kumbe Yaya atanibebesha bafle mpaka Beni! Nilicheza siku ile mpaka viatu vikapasuka."

Sasa atelye iko mikononi mwa Elsa. Nilimuuliza kama itadumu. "Sijue," alisema. "Mbao ni shida, bafle za taa zinaingia kila siku. Mais asubuhi nafungua mlango, na batumikaji bako pale."

Kwa Elsa, kwa Delphin, kwa wafanyakazi wote wa Vulamba: poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Na sisi tunaosikiliza, tujiulize ni kazi gani ya mikono yetu tuliyo tayari kuiacha ife, kwa sababu tu kazi ya jirani ni ya bei rahisi zaidi. Elsa ameanza bafle mpya ya kanisa moja la Mabalako. Aliwaeleza kwamba itachelewa. Wamemjibu kwamba wataingoja.