Sifuri Iliyozidi: Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi Rejista

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, karani wetu wa beji na tuzo atastaafu baada ya kuwatumikia vijana wa chama hiki kwa miaka thelathini na mitatu. Barua yake ya kuajiriwa ina jina lake kamili, lakini kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini sote tunamwita Bi Rejista, na nadhani simu ikipigwa kwa jina lile jingine yeye mwenyewe atasema mmekosea namba.

Mimi ni mtunza stoo. Nimekaa naye chumba kimoja miaka ishirini na miwili, meza zetu zikitenganishwa na kabati la chuma lenye droo arobaini na nane, kila droo na beji yake: upishi, ushonaji, bustani, huduma ya kwanza, na kadhalika. Kijana akifaulu majaribio, kiongozi wake hutuletea fomu. Bi Rejista huisoma, huingiza jina kwenye rejista, kisha hutuma beji na cheti. Kazi hiyo mtu mwingine angeifanya huku anasinzia. Yeye hakuweza, maana ana ugonjwa mmoja usio na dawa: kila kitu anataka kujua kimekuwaje.

Fomu ikisema binti fulani amewapikia watu kumi na wawili kwa sufuria moja, atampigia kiongozi simu kuuliza sufuria ilikuwa kubwa kiasi gani. Wakati wa beji ya mafundo aliona haiwezekani aandike asichokielewa, akajifunzia kwa kamba ya pazia la mkurugenzi wakati bosi yuko safarini. Fundo lilifungika vizuri mno. Mkurugenzi aliporudi alifanya kazi siku mbili kwa taa ya umeme, pazia limefungwa, hadi alipoletwa kijana wa miaka kumi na miwili aliyelifungua huku anatafuna karanga.

Lakini nikiulizwa nitamkumbuka kwa lipi, nitataja beji ya hali ya hewa.

Katika mwaka wake wa kumi na tatu kazini, akiandaa taarifa ya mwaka, aligundua kwamba droo ya beji hiyo haijawahi kufunguliwa. Miaka kumi na moja tangu beji ianzishwe, hakuna kijana hata mmoja. Akaanza kuuliza viongozi wa vikundi. Mmoja alimjibu kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Mwingine alisema beji ile ni ya kupamba kitabu tu. Bi Rejista hakuridhika. Alifungua kitabu cha majaribio akasoma: "Mwombaji apime mvua na kuandika hali ya anga kila siku kwa siku 900 mfululizo."

"Siku mia tisa ni karibu miaka miwili na nusu," aliniambia. "Nani alikaa akaamua hivi? Na alikuwa anataka nini?"

Nikashusha boksi la karatasi za zamani kutoka juu ya rafu. Tulipata muswada wa kamati, umeandikwa kwa mkono: siku 90. Chini yake ilikuwa nakala iliyopigwa chapa: siku 900. Na pembeni mwa nakala hiyo kulikuwa na herufi mbili za mpiga chapa, msichana aliyekuwa na mwaka mmoja tu na miezi kazini. Herufi zilikuwa za Bi Rejista mwenyewe.

Mimi nilimshauri kirafiki: sahihisha kimyakimya toleo lijalo likichapwa, hakuna aliyekufa. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa ale sabuni. Siku hiyo hiyo aliiandikia kamati barua ya nusu ukurasa iliyoanza na maneno "Kosa ni langu." Wakati huo jina lake lilikuwa mezani kwa ajili ya kupandishwa kuwa mkuu wa idara. Alipata barua ya onyo, na cheo kikaenda kwa mwingine. Waraka wa masahihisho ukatumwa kwa vikundi vyote.

Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka kikundi cha mbali. Mwandishi alikuwa binti wa miaka kumi na minne. Alisema ameshapima mvua siku 611, wenzake wanamcheka, na sasa amesomewa waraka. Swali lake lilikuwa moja: "Je, nimepoteza siku 521?"

Bi Rejista hakujibu kwa barua. Aliomba ruhusa ya siku tatu, akapanda basi.

Alimkuta binti kwa mama yake mdogo, fundi cherehani. Chombo cha kupimia kilikuwa chupa ya plastiki iliyokatwa, imefungwa kwa waya juu ya ukuta wa uani, na rula ya shule imebandikwa ubavuni. Mama mdogo alilalamika kwamba mtoto amekataa hata kulala kwenye harusi ya dada yake kwa sababu ya chupa. Daftari zilikuwa saba.

"Ile sifuri niliizidisha mimi," Bi Rejista alimwambia. "Nilibonyeza mara mbili. Naomba unisamehe."

Binti alifunua kurasa kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo naweza kuacha leo?"

"Hata sasa hivi. Beji yako ninayo mkobani."

Asubuhi yake, akipita kuaga kabla ya basi, alimkuta yule binti amesimama juu ya kigoda, anasoma rula. Bi Rejista alimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba mwaka jana mvua ya kwanza ilinyesha wiki kama hii, na anataka kuona kama itarudi.

Aliporudi ofisini alituambia hajawahi kufurahi hivyo kazini. Katika rejista, kwenye safu ya maelezo ambayo kwa kawaida huachwa wazi, aliandika: "Siku 611. Kosa la ofisi." Tangu hapo vijana mia mbili na sita wamepata beji ile. Cheo alikipata miaka minne baadaye, na hakuhama chumba.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alisema beji asipewe, maana hajafanya jaribio lolote. Ameomba jambo jingine. Ameingiza kwa mkono wake majina ya maelfu ya vijana waliofaulu kuogelea, na hadi leo haelewi maji yanambebaje mtu mzima na mifupa yake. Jumatatu baada ya kustaafu, akiwa na miaka sitini, ataanza mafunzo pamoja na watoto wa miaka tisa. Mwalimu wa kuogelea ameshatulalamikia kwamba amepigiwa simu mara tatu, na maswali bado hayajaisha.

Dada yetu, asante kwa kila jina uliloliandika kwa haki. Tunakutakia maisha mema na marefu, na ukishajua maji yanafanyaje, pita utuambie.