Sista Ndila na Darasa la Mwezi wa Tano

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Sista Ndila Nzioki anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya ukunga. Alianzia Thika, kisha akahamia kliniki yetu hapa Kimbo, Ruiru, na hakuhama tena. Tarehe na miaka hiyo tumeihakikisha kwake mwenyewe.

Wengi wanamjua kwa darasa la Jumamosi, la wazazi ambao mimba imefika mwezi wa tano. Aliona kuwa akina mama huja mwanzoni kwa sababu ya kutapika na mwishoni kwa sababu ya uchungu, lakini katikati, wanapopata nafuu, hupotea. Basi akawaita wakati huo, pamoja na waume zao. Aliwaeleza kwamba mtoto ataanza kucheza, polepole mno mwanzoni. Kwamba mgongo utauma na kiungulia kitawasumbua. Miguu kuvimba kidogo jioni si ajabu, ila uso ukivimba, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au damu ikitoka, hakuna kusubiri kesho. Walipoulizia msichana au mvulana, aliwajibu, "Picha ya tumbo kwanza ituonyeshe moyo na uti wa mgongo. Jina mtatafuta baadaye."

Bwana Absalom, mmoja wa akina baba wa darasa hilo, aliwahi kufungwa pakiti mbili za unga tumboni kwa leso, akaambiwa afunge kamba za viatu. Alishindwa mbele ya darasa zima. Mkewe anasema tangu siku hiyo mumewe ndiye anayepiga deki nyumbani.

Lakini tunaowakumbuka zaidi ni Leila na Uthman, waliokuja mwaka jana kutoka Kiandutu. Leila alichoka hata kwa hatua chache, na kipimo kilionyesha damu iko chini sana. Sista aliwaambia wazi kwamba akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, huenda asipone. Kisha akamwomba Leila amwonyeshe anachotafuna. Kwenye mkoba mlikuwa na odowa, yale mawe laini wanayopenda wajawazito.

"Namnunulia mimi kila jioni," Uthman akasema kwa fahari. "Hajawahi kukosa."

"Baba, unamlisha ama unamjengea?"

Darasa likacheka. Uthman akajitetea, "Sista, si ni hamu ya mimba? Nikimnyima, mamake ataniita mchoyo."

"Hiyo hamu ni damu inalia. Mpe dawa ya damu, uone kama atayataka tena."

Hakumkemea Leila hata kidogo. Uthman ndiye aliyepewa kazi: pesa ya mawe inunue mboga ya terere, ndengu au maini, naye ahakikishe vidonge vimemezwa. Kipimo kilichofuata hakikupanda. Sote tuliingiwa na hofu, mpaka Sista akauliza na kugundua kwamba vidonge vinateremshwa kwa chai ya maziwa, inayoizuia dawa kuingia mwilini. Wakabadilisha, wakatumia maji na chungwa. Damu ikaanza kupanda, na hamu ya mawe ikaisha.

Leila alijifungua msichana, kisha akatokwa na damu kupita kawaida. Sista aliizuia kwa mikono yake na dawa, na damu iliyobaki mwilini ikamtosha. Alitoka kliniki kwa miguu yake, Uthman amebeba mtoto.

Mwezi uliopita Uthman alikuja darasani bila kuitwa, akawaambia akina baba wapya, "Yale mawe nilinunua kwa mapenzi. Nusura nimzike kwa mapenzi hayo hayo." Hakuna aliyecheka. Sista Ndila alimwachia aendelee.

Sista, tunaogopa kidogo kubaki bila wewe, na tunakushukuru kwa kila mama aliyetoka hapa akitembea. Nenda nyumbani Ngoliba ukapumzike, ingawa tunajua ukikutana na mjamzito sokoni hutapita bila kumuuliza anatafuna nini. Maisha yako ya kustaafu yawe mema na marefu.