Chumba cha Mifuko cha Mwalimu Raheli Msengi

Tunaanza kwa kuomba radhi. Jarida hili la walimu wa Shule ya Sekondari Isanja halijatoka kwa mihula mitatu, kwa sababu mimi mhariri nilikuwa nikitibiwa macho na sikumkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Kosa ni langu. Nimerudi kwa ajili ya toleo ambalo nisingekubali likose kuandikwa. Tarehe 30 Septemba mwaka huu Mwalimu Raheli Msengi anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza. Miaka ishirini na saba kati ya hiyo ameifanya hapa Isanja, nje kidogo ya Kinyangiri.

Anaondoka bila kujua jambo moja: kama chumba chake cha mifuko kitabaki. Shule imepokea kompyuta kumi, na chumba hicho ndicho pekee chenye umeme na mlango wa chuma. Bodi ya shule itaamua katikati ya Oktoba. Kamati ya sherehe ilipomuuliza angependa zawadi gani, mabati au ng'ombe wa maziwa, alijibu, "Mabati ninayo. Niachieni chumba." Mwenyekiti wa kamati akamtania kwamba zawadi ya namna hiyo haifungiki kwa utepe. "Basi msiifunge, mwanangu," akasema.

Mwalimu Raheli alianza kazi Manyoni mwaka 1991. Alipanga karibu na stesheni, na kila treni ilipoingia aliwaona wanafunzi wake wakiwapokea ndugu zao. Mmoja alijitwika kapu, mwingine alieleka mtoto, wa tatu aliburuta gunia la karanga, wa nne alibana mkoba kwapani. Jumatatu aliwauliza darasani, kwa Kiingereza, walikuwa wakifanya nini. Wote waliandika "carry". Walikuwa wamebeba nini? Wote waliandika "bag". Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba jambo hilo lilimuumiza. Watoto waliokuwa na neno kwa kila mzigo wa nyumbani kwao waligeuka maskini mara tu walipovuka mlango wa darasa.

Alipohamia kwetu mwaka 1998 aliomba chumba kilichokuwa kikikaa majembe mabovu. Akakifagia mwenyewe, akapiga misumari ukutani na kutundika vitu, kila kimoja na kadi yenye jina lake la Kiingereza. Leo vipo sitini na vitatu. Kuna magunia ya katani, viroba, vikapu vya ukindu, begi la shule lililokatika mkanda, sanduku la bati, pochi ya bibi harusi, mbeleko, na mkoba wa ngozi uliokuwa wa karani wa mahakama. Palikuwa pia na mfuko wa plastiki. Marufuku ya mwaka 2019 ilipotoka aliuteketeza siku hiyohiyo, lakini msumari na kadi yake bado vipo. Alisema kitu kikiondoka, neno lake halilazimiki kuondoka.

Kanuni ya chumba ni moja. Hakuna anayeandika neno kabla hajakibeba kitu chenyewe, kikiwa na mzigo wake, kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji. Gunia hutiwa mtama, kapu huwekwa mayai, mbeleko hufungwa mwanasesere wa matambara. Anayeinua hupewa neno la kuinua, anayeburuta hupewa la kuburuta. Anayevunja mayai hupewa neno la kuvunja, na kesho yake huleta mayai mengine.

Mwaka 2006 mtunza stoo wetu, marehemu Mzee Antipasi, aliishiwa magunia wakati wa kuvuna alizeti ya shule. Akayachukua ya ukutani, kadi zenye neno "Sack" zikiwa zimeshonewa juu yake. Baada ya wiki mbili mnunuzi kutoka Singida mjini alirudi akiulizia "ile mbegu ya Sack", kwa kuwa ilimpa mafuta mengi. Mzee Antipasi alimjibu, uso wake ukiwa mkavu kabisa, kwamba mbegu hiyo inalimwa na Mwalimu Raheli peke yake, naye hauzi. Mwalimu Raheli aliyafuata magunia yake hadi mjini, akarudi nayo yote isipokuwa mawili.

Hata hivyo, si kila siku tulicheka. Mwaka 2001, nikiwa makamu mkuu wa shule, mzazi mmoja aitwaye Bwana Gabrieli alifika ofisini kwangu akiwa amekasirika. "Mwalimu, binti yangu nimemtoa shambani aje asome," alisema. "Leo napita hapo barabarani namwona anahangaika na gunia. Kwani magunia kwangu yameisha?" Nilikubaliana naye. Nilimwandikia Mwalimu Raheli barua ya onyo, safi kwa sarufi na isiyo na haki. Aliisoma akiwa amesimama, akatia saini, akasema, "Haya, Mwalimu. Kipindi kinanisubiri." Barua hiyo ilimchelewesha kupanda daraja kwa miaka miwili. Sijapata kumwomba radhi kwa maandishi. Namwomba hapa, mbele ya walimu wote.

Binti aliyeonekana na gunia anaitwa Scholastika. Kabla ya kuingia katika chumba kile alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kufungua kinywa katika kipindi cha Kiingereza. Sasa ni muuguzi huko Itigi. Mwaka jana alikuja kutusalimu, akatusimulia kuhusu mama mmoja aliyeanguka kutoka kwenye mkokoteni na kuumia mgongo. Vijana waliomleta walikwisha kumshika mikono wamvute ashuke kwenye gari. Daktari mgeni, asiyejua Kiswahili, alipaza sauti kutoka barazani, "Lift! Don't drag!" Watu wakatazamana, na vijana wakaendelea kuvuta. "Mimi nikawapigia kelele," alisema Scholastika. "Jamani, msimburute! Mwinueni wote kwa pamoja!" Wakamwinua. Mama huyo anatembea hadi leo. Mwalimu Raheli alipomuuliza aliwezaje kuelewa upesi vile, alimwonyesha kiganja. "Shikamoo tena, Mwalimu. Gunia lako lilinichubua hapa. Neno hilo nitalisahau vipi?"

Sidai kwamba kompyuta hazina maana. Wajukuu zangu wanazihitaji, na wanafunzi wa Isanja wanazihitaji zaidi yao. Nasema tu kwamba mlango wa chuma unaweza kutengenezwa na fundi wa hapa Kinyangiri, na umeme unaweza kuvutwa hadi chumba cha pili. Vile vitu sitini na vitatu, vikishatupwa, hakuna atakayevikusanya tena. Bwana Gabrieli ni mjumbe wa bodi siku hizi, kama nilivyo mimi. Nilipomuuliza atasimama upande gani, alinijibu, "Usinishike shati, Mwalimu. Nitasemea ndani ya kikao."

Mwalimu Raheli, umekabidhi vitabu, daftari la mahudhurio na kiti chako. Walimu wa Isanja wanakushukuru kwa kazi uliyoifanya kwa uaminifu, na wanakuombea afya, mvua za wakati wake na wajukuu wenye maswali mengi huko Mungaa, nyumbani kwa mumeo. Kikao kitakapoamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, kwa mkono wangu, hata kama jibu litakuwa la kukuumiza. Nimezungumza na mkuu wa shule, naye amekubali ubaki na ufunguo wa chumba. Mpaka barua yangu ikufikie, usimpe mtu yeyote.